Shahidi wa Kangaga la Kwemzitu

Bangili ya ushahidi ilinibana kwa mara ya kwanza siku dada yangu Salha aliponiletea iliki.

Kabla ya hapo tulielewana vizuri, mimi na bangili ile. Niliivaa mkono wa kushoto kila nilipoingia kwenye jumba la mimea mikavu, ikawa inaning'inia tu, wala sikuisikia. Nikisema jani hili ni la spishi fulani, inalegea na kutulia. Mwainishaji, mashine inayotunza majina ya viumbe vyote vilivyobaki mlimani, inasikia na kuandika. Bangili haina haja ya kujua kama nimesema kweli. Inapima kama naamini ninachosema na nilichokwisha kusema, basi. Wenzangu wengi waliichukia. Walisema inaingia kwenye damu ya mtu na kupekua. Mimi niliwacheka. Sema unachokiamini, niliwaambia, nani kakulazimisha kuwa mwongo? Huo ulikuwa ujinga wa mtu ambaye hajawahi kubanwa.

Siku hiyo nilikuwa najiandaa kwa tathmini ya bonde la Kwemzitu. Juu ya meza nilikuwa nimetandaza karatasi tatu ngumu, kila moja ikiwa na kangaga lililokaushwa na kushonwa kwa uzi mweupe. Karatasi hizo tatu ndizo zilizoshikilia jenasi nzima.

Jenasi, kwa asiyejua kazi yetu, ni ukoo: spishi zilizo ndugu wa karibu huwekwa chini ya jina moja. Ukoo huu ulikuwa na spishi moja tu, mtoto wa pekee, na haukuota popote duniani isipokuwa kwenye majabali ya Kwemzitu, bonde tulikozaliwa mimi na Salha. Mwalimu wangu, Profesa Mahanyu, ndiye aliyeutambua akiwa bado kijana, akauita Shambalopteris. Kilichoutenga na makangaga mengine ya mawe kilikuwa kidogo sana. Chini ya jani, ukingo umejikunja ukafunika vitone vya uzazi, kama pindo la kanga lililofungiwa sarafu. Kangaga la mawe la kawaida, lile linaloota hata kwenye kuta za vyoo vya stendi, halina pindo. Vitone vyake viko wazi, kila mtu anaviona.

Jeni hazikutusaidia. Makangaga haya yameoana na kuchanganyika tangu kabla mtu hajasimama kwa miguu miwili, na kila tulipopima jibu lilikuwa lile lile: huenda ni ukoo mwingine, huenda ni ule ule. Sheria ikasema basi, pindo ndilo litakaloamua, na pindo litafutiwe shahidi.

Kupitia dirishani nilikuwa nauona mnara wa Kwemzitu ukipumua ukungu wake wa asubuhi. Maji yale yalitoka pwani, yakaondolewa chumvi, yakapandishwa mlimani kwa bomba. Tangu mawingu yalipoacha kupanda huku, hakuna msitu unaoishi bila mnara, na maji ya minara hayatoshi. Bonde lenye jenasi isiyopatikana kwingine linapewa ukungu. Bonde lenye spishi za kawaida linakauka, na watu wake wanateremshwa kwenye makambi ya tambarare. Kwemzitu ilikuwa na jenasi moja. Chini ya ukungu wa jenasi hiyo dada yangu alilima iliki, na jirani zake wote walikinga maji ya kunywa yaliyodondoka kutoka kwenye matawi.

Mtu ataniuliza, si uende ukafunue jani bichi uone? Ningefunua nini? Kangaga la Kwemzitu halijazaa tangu mvua za kweli zikome. Ukungu wa mashine unalinenepesha, linatoa majani mazuri ya kijani, yote tasa. Vitone vilibaki kwenye zile karatasi tatu tu, za enzi za mvua.

"Hodi wenye vumbi!" Salha aliingia bila kungoja karibu, kikapu mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda wewe. Wanakulisha karatasi humu?" Akaweka kikapu mezani, karibu kabisa na Shambalopteris, mimi nikakisogeza. "Nimekuletea iliki. Zimetoka chanjani jana. Na nimekuletea kingine, lakini chai kwanza."

Nikabandika birika juu ya jiko la mkaa barazani, tukanywa. Alinieleza habari za bonde, nani kaoa, nani kaanguka kwenye mfereji. Akamimina iliki juu ya gazeti ili nione zilivyo nono, na pamoja nazo yakamwagika majani makavu ya makangaga.

Kwetu huwezi kukausha iliki kwenye chanja bila kutandika makangaga. Punje zitapenya katikati ya fito na kuangukia moto. Kila mama wa Kwemzitu anafanya hivyo. Nimekulia hapo, nimechezea majani hayo makavu utotoni, nimesomea makangaga mpaka shahada ya tatu, na sikuwahi hata siku moja kuligeuza jani la chanjani. Asubuhi ile niliokota moja nilitupe, likageuka lenyewe mkononi.

Ukingo wake ulikuwa umejikunja ukafunika vitone.

"Haya umechuma wapi?" niliuliza.

"Yapi? Hayo? Ukutani kwa choo changu. Makangaga ya kawaida tu, Hadia, mbona umenitolea macho?"

Nilichovya jani kwenye chai yake. Alilalamika. Jani lilikunywa, likalainika, na pindo likafunguka taratibu mpaka likawa bapa. Vitone vikabaki wazi. Kumbe lilikuwa kangaga la mawe, lile la stendi, lililokunjwa na joto tu.

Nikakumbuka. Kuna kisa ambacho Mwalimu Mahanyu hukisimulia kila anapopewa nafasi ya kusimama mbele ya watu. Alifika Kwemzitu katikati ya masika, karatasi zake zikaloa na kuota kuvu, mimea yote ikaanza kuoza. Bibi yetu, aliyekuwa amempa chumba, akamwonea huruma. Akamwambia aweke majani yake chanjani, juu ya iliki zake. Watu hucheka sana kwenye kisa hicho. Mimi nimekisikia mara nyingi mpaka nakijua kwa moyo, na nimecheka kila mara.

Nilitazama zile karatasi tatu. Hapo ndipo bangili iliponibana.

* * *

"Niambie polepole," Salha alisema. "Mimi sikusoma mapindo."

Nikamwambia. Joto la chanja hukunja ukingo wa jani. Kama majani ya Mwalimu yalikaushwa chanjani, pindo lake huenda ni kazi ya moto wa bibi. Na kama pindo halipo, jenasi haipo. Kangaga letu litakuwa kangaga la mawe lililopendezeshwa na ukungu, na Kwemzitu litakuwa bonde kama bonde lolote.

"Huenda," alisema. "Umesema huenda."

"Ndiyo. Sijui kwa hakika, na majani ya karatasi hizi tatu hairuhusiwi kuyalowesha."

Salha akasukuma iliki kando. Kisha akatoa chini ya kikapu kifurushi cha kitambaa kibichi, akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai. "Hiki ndicho kile kingine. Lile bomba lililopasuka juu ya jabali, unalikumbuka? Maji yalimwagika kama mvua msimu mzima kabla hawajaja kuziba. Makangaga ya pale chini yamezaa. Nilifikiri utafurahi."

Ndani ya kitambaa kile mlikuwa na jani bichi lenye vitone, la kwanza tangu enzi za Mwalimu. Halikupita chanjani wala halikuonja moto. Ningelifunua na kutazama mara moja, ningejua.

"Usifungue," nilisema.

"Sifungui." Akaminya midomo. "Hadia, sasa si usiangalie tu? Kesho uulizwe, useme unaamini, turudi nyumbani. Hutasema uongo. Hujaona kitu."

Nilitaka sana iwe hivyo. Nilikaa wima kwenye kiti, nikapumua, nikasema kwa sauti ile ninayoitumia kazini: "Pindo la jani hili liliota pamoja na jani." Bangili ikabana. Nilisema tena, kwa upole zaidi, nikiifikiria sura ya Mwalimu, mwandiko wake, heshima yake. Ikabana mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipoivua ilikuwa imeniachia mstari mwekundu, Salha akausugua kwa kidole gumba kama tulipokuwa watoto.

Nilifikiria kusema kweli. Nisidhaniwe kwamba sikufikiria. Kuna bonde upande wa magharibi, vyura wake ni jenasi ya peke yao bila ubishi wowote, na linangoja mnara. Ukungu ukitoka kwetu unakwenda kwao. Huko nako kuna dada wa mtu. Kazi yangu yote ni kusema kitu kilivyo ili maji yaende yanakostahili, na nimekula mshahara wa kazi hiyo miaka yote bila kuona aibu. Lakini bonde lile silijui hata kwa picha, na dada yangu alikuwa amekaa mbele yangu akinisugua mkono. Nilishindwa kuwa na haki. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Salha aliinuka, akaenda barazani kwenye lile jiko, akafungua kitambaa akiwa amenipa mgongo. Jani lilipiga kelele kidogo kwenye makaa. Aliporudi alikuwa akijifuta mikono kwenye kanga.

"Haya. Sasa hakuna cha kuangalia. Jaribu tena."

Nikaivaa tena, nikajaribu, kwa ajili yake. Bangili haikujali kwamba jani limeungua.

"Shetani mkubwa," alisema, na sijui alikuwa akiitukana bangili au mimi. Akakaa. "Nani mwingine anaruhusiwa kuvaa kitu hicho?"

Kwa makangaga ya mawe mashahidi tulikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa mtu ambaye hajaona majani ya chanja ya Salha, ambaye hana shaka yoyote moyoni, na aliyeipenda jenasi ile kuliko alivyowahi kupenda nyumba au gari. Nilianza kuzipanga upya zile karatasi tatu. Dada yangu si mjinga, alilisoma jina usoni mwangu.

"Atakubali?" aliuliza.

"Atafurahi," nilisema, na hilo ndilo lililonichoma.

* * *

Asubuhi nilimkuta Mwalimu Mahanyu kibarazani kwake, chini kidogo ya kituo, anachambua maharage kwenye ungo. Amezeeka, amekuwa mwembamba, lakini macho yake yale yale. Alikuwa akitupa maharage mabovu bila kuyatazama mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hadia. Kaa. Usikalie yaliyo mazima."

Nilimwambia kwamba tathmini ya Kwemzitu ni leo kabla ya adhuhuri, na kwamba ningependa ashuhudie yeye.

"Mimi? Mimi nimestaafu. Siku hizi nashuhudia maharage." Akacheka. "Wewe mbona hushuhudii?"

"Jina ni lako, Mwalimu. Watu wa Kwemzitu wote wamekuja. Wanataka wakusikie mwenyewe, sio mwanafunzi wako."

Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na alipakika. Aliinuka haraka kuliko nilivyotazamia, akaingia ndani, nikamsikia akifungua na kufunga droo. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kijivu lenye harufu ya nondo na ameshalowesha nywele. Aliniuliza kama kola imekaa sawa. Nikaiweka sawa ingawa ilikuwa sawa.

Tulipanda njia ya kituo polepole, ameshika bega langu. Kama ilivyo kawaida yake, akaanza kile kisa.

"Bibi yako, Mungu amrehemu, alinikuta nalia. Nalia kweli, mwanamume mzima, karatasi zangu zote zimeota kuvu. Akasema, wewe mtoto, unalilia majani?"

"Mwalimu, hapa pana jiwe."

"Nimeliona. Akasema, weka hayo majani yako juu ya iliki zangu, yakinuka vizuri utanishukuru. Basi nikayapanga chanjani, moja moja, nikakesha nayageuza..."

"Mwalimu, pumzika kwanza. Unahema."

"Sihemi. Nakusimulia." Alisimama, akanitazama. "Kisa hiki ulikuwa unakipenda."

"Nakipenda bado. Tutachelewa tu."

Niliogopa. Kisa hakingemdhuru mtu yeyote duniani isipokuwa msimulizi akijisikia mwenyewe. Moto, majani, kuyageuza: kila neno lilikuwa limesimama wazi barabarani na alikuwa akilipita kila siku bila kulisalimia. Niliomba Mungu alipite mara moja zaidi. Nilimwomba hivyo nikiwa namshika mkono mzee huyo asijikwae, na sikujua Mungu angeniona mtu wa aina gani.

Watu wa Kwemzitu walikuwa wamekaa kwenye majani mbele ya kituo. Walipomwona Mwalimu kwenye koti lake walisimama wote, na kina mama wakapiga vigelegele. Salha alikuwa nyuma. Yeye hakupiga.

* * *

Chumba cha ushahidi ni kidogo, kina meza, viti viwili na kipaza sauti ukutani. Zile karatasi tatu nilikuwa nimeshaziweka mezani. Nilimfunga Mwalimu bangili mimi mwenyewe. Mkono wake umekuwa mwembamba sana, nikalazimika kuikaza mpaka tundu la mwisho, na hata hivyo ilining'inia. Yangu niliiacha drooni ofisini.

Mwainishaji ana sauti ya mwanamke wa pwani mwenye adabu kupita kiasi.

"Karibu, shahidi. Tafadhali jitambulishe."

"Mahanyu. Niliyeleta kangaga hili kwenu."

"Ahsante. Je, unaamini kwamba sampuli hizi tatu zilichumwa Kwemzitu?"

"Naamini. Nilizichuma kwa mikono hii."

Bangili ilibaki imelegea. Aliulizwa kuhusu shina, magamba, rangi ya kikonyo. Alijibu kama kijana, akiinua jani kwa ncha ya kidole bila kuligusa hasa, na kwa muda nikasahau kilichotuleta nikamsikiliza tu. Hakuna mtu atakayeyaeleza tena makangaga yale kwa namna hiyo.

"Je, unaamini kwamba pindo la jani hili liliota pamoja na jani?"

"Naamini," alisema Mwalimu. "Ndilo lililonifanya nisilale."

Nilitazama bangili. Ilikuwa imelala juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kama pete kwenye kidole cha mtoto.

"Swali la mwisho. Je, yuko mtaalamu aliye hai, ambaye wewe unauheshimu ujuzi wake, anayeamini vinginevyo?"

Nililijua swali hilo. Nimeulizwa mimi mwenyewe mara nyingi, na kila mara hujibiwa kwa neno moja na kusahaulika, hata nikalisahau nilipokuwa nikipanga mambo yangu. Mwalimu alicheka kwa raha.

"Mama, tunaojua makangaga haya sote tumo ndani ya chumba hiki." Akageuka kwenye kiti, koti likafanya mikunjo. "Hadia. Mwambie."

Majibu yalikuwa mawili na yote yalikuwa mabaya. Nikasema lile ambalo lingeacha ukungu mahali pake.

"Hakuna, Mwalimu."

Alinitazama. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kuketi mbele ya jani na kulieleza bila kuchomeka ndani yake ninachotaka liwe. Kila nilipobahatisha, enzi zile, hakunikaripia. Alinitazama hivihivi, akasubiri, mpaka mwenyewe nikaona haya na kuanza upya. Nilijitahidi nisiangalie chini. Nikaangalia chini.

Nikasikia kitu kikikazwa, sauti ndogo kama ya mshipi wa begi.

"Amesema hakuna," Mwalimu aliiambia mashine. "Nimemsikia. Namwamini."

Bangili ikazidi kubana. Ngozi yake laini ikatuna pande zote mbili za chuma.

"Namwamini," alisema tena, kwa juhudi, kama mtu anayesukuma gari lililozimika. "Ni mwanafunzi wangu. Ni mwanangu huyu. Naamini." Nilirukia kifungo nimfungue, hakikufunguka, hakifunguki mpaka uamuzi utolewe. Alinisukuma kando bila hasira. Alikuwa ameacha kunitazama. Alikuwa ameinamia ile karatasi ya kwanza, uso karibu na jani, midomo ikitikisika, na nikajua anapita tena ile njia yote, kuvu, masika, bibi yangu, fito.

"Chanja," alisema. Hakumwambia mtu.

"Ahsante, shahidi," sauti ilisema. "Yakini haikutimia. Jenasi Shambalopteris inaunganishwa na makangaga ya mawe ya kawaida. Ukungu wa Kwemzitu utasitishwa leo adhuhuri na kuhamishiwa bonde linalongoja. Tunakushukuru kwa utumishi wako wa muda mrefu."

"Subiri!" nilipiga kelele. "Nitashuhudia mimi! Mimi nami ni shahidi, nina haki!"

"Una haki kamili, Daktari Hadia. Je, ungependa kuvaa bangili?"

Adabu ile. Nilitazama ile iliyoubana mkono wa Mwalimu, sikuigusa. Mashine ilisubiri kadiri inavyotakiwa kusubiri, ikanitakia siku njema, na bangili ikafunguka ikaangukia meza.

* * *

Kina mama walipotuona mlangoni walianza vigelegele tena, kisha wakavikatisha, mmoja baada ya mwingine. Nilijua ni mimi niliyepaswa kusema. Nilifungua mdomo. Mwalimu akanitangulia.

"Ndugu zangu," alisema, akiwa ameficha mkono wake wa kushoto mfukoni. "Kosa ni langu. Nilikausha majani vibaya nikiwa kijana, nikawapa jina la kitu ambacho hakipo. Mmeishi juu ya kosa langu bila kujua. Leo limeonekana. Nawaomba radhi."

Hawakuelewa mara moja. Mzee mmoja aliyekaa mbele alimwuliza ukungu utarudi lini, na Mwalimu akamjibu kwamba hautarudi. Mama mmoja aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Kijana wa watu, mwenye mtoto mgongoni, akasonya kwa nguvu.

"Umetumaliza, mzee," alisema. "Mtu msomi mzima!"

"Nimewamaliza," Mwalimu alikubali.

Salha alinitazama juu ya vichwa vya watu. Sisi wawili ndio tuliojua kwamba mzee yule aliingia mle chumbani bila shaka hata moja, na kwamba mimi ndiye niliyempeleka. Nilingoja aseme. Labda naye alingoja niseme mimi. Watu waliendelea kumtupia Mwalimu maneno, mengine mazito, na yeye akayapokea yote kwa kutikisa kichwa, na mimi nikawa nimesimama kando yake nimemshika kiwiko kama binti mwema. Kisha Salha akajifunga kanga vizuri, akaanza kuwakusanya wenzake washuke kufunga mizigo, maana adhuhuri haikuwa mbali.

Nilimrudisha Mwalimu nyumbani kwa njia ile ile. Mnara ulikuwa bado unapumua, ukungu unateremka majabalini kama kila siku. Alitembea vizuri, hakuhitaji bega langu. Nilimwomba msamaha mara kadhaa, nikamweleza habari za chai na jani la choo, nikamweleza kwamba nilitaka kumkinga. Alisikiliza yote. Tulipofika kibarazani aliona ungo wake, akauondoa kwenye kiti, akakaa, akautoa mkono mfukoni. Ulikuwa umevimba na kuwa na weusi.

"Hadia," alisema. "Kama bangili isingenibana, ungeniambia lini?"

Alisubiri kwa utulivu ule ule wa zamani. Nilitazama viatu vyangu. Alisubiri sana, kuliko alivyowahi kunisubiri darasani. Kisha akaniambia, kwa upole, nirudi kazini.